Mzee Asiyekohoa



Ndugu wahitimu mnaotoka leo chuoni hapa Luano, mtakutana na wazee waliojenga mji huu: waliochimba mgodi wa Kipushi, waliosimama mbele ya tanuru la Lubumbashi, na wale zaidi ya 10,000 walioondoka kampuni ya madini ya Gécamines kwa mpango wa kuondoka kwa hiari wa mwaka 2003. Vumbi la mawe walilovuta liliwachakaza mapafu, na mapafu yaliyochakaa hushikwa upesi na kifua kikuu, hata miaka mingi baada ya kutoka mgodini.

Mzee kama huyo akiwa na kifua kikuu huenda asikohoe damu kama mlivyosoma. Mjukuu atawaambia: “Kambo hali tena bukari, suruali inamvuka, usiku anaropoka.” Hapo ndipo wengi wetu husema ni uzee tu. Nawasihi, msiseme hivyo kabla ya kupima. Vijidudu alivyovuta ujanani huweza kulala mwilini miaka hamsini, vikaamka kinga inapopungua, na kisukari huvisaidia. Picha ya kifua nayo hupotosha: kivuli kikiwa chini ya pafu, tunaandika nimonia na mzee anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Ombeni makohozi. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa saa mbili hivi, na huonyesha kama vijidudu vimekuwa sugu kwa rifampisini.

Akikutwa na kifua kikuu kisicho sugu, ni miezi sita ya dawa: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Ini la mzee huchoka upesi. Akitapika mfululizo au macho yakiwa ya manjano, asimamishe dawa na aletwe siku hiyo hiyo. Ethambutoli, mojawapo ya dawa hizo nne, huweza kudhuru macho, kwa hiyo kila mwezi muulizeni kama bado anatofautisha nyekundu na kijani. Rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vingi vya kisukari, sukari ipimwe. Tena mwambieni mapema kwamba mkojo utageuka rangi ya machungwa, maana asiyeambiwa huogopa, akaacha dawa kimyakimya.

Ndugu wahitimu, kambo akiletwa kwenu Jumatatu, makohozi yake yachukuliwe Jumatatu hiyo hiyo. Na wajukuu wanaolala naye chumba kimoja, waiteni nao wapimwe.