Bustani ya Nyumbani Yaanza na Udongo
(Mazungumzo na wazazi na vijana wa Mbaraki)

Tumeombwa tuzungumze juu ya bustani ya nyumbani. Tukipita manyumbani, wengi mwatuambia: "Hapa Mbaraki hapalimiki. Ni mawe matupu, maji ya mfereji huja siku yapendayo, na nyumba zenyewe ni za kupanga." Maneno hayo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba mwisho wa mwezi mboga ndiyo ya kwanza kukosekana sahanini, na mtoto hula ugali mkavu. Basi hebu tuulizane: watu wa zamani walianzaje?

Kilimo kilianza sehemu mbalimbali za dunia, katika baadhi yake miaka kama 10,000 iliyopita. Yaelekea bustani nyingi za kwanza zilikuwa pale pale uani. Mbegu zilitupwa pamoja na maganda na majivu, zikaota, na mtu akaacha kuzing'oa. Hata leo mpapai huota jaani bila kupandwa. Hapa kwetu Kenya, huko Kakapel katika Busia, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata kunde za miaka kama 2,300 iliyopita. Ni kunde hizi hizi tunazochuma majani.

Na kisiwa chetu je? Msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331. Alieleza kwamba wenyeji hawakulima nafaka; waliletewa kutoka bara. Lakini walikuwa na migomba na mindimu, na chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Mwaka 1498, Vasco da Gama alipotia nanga hapa, mfalme wa Mombasa alimpelekea machungwa, ndimu na miwa. Mahindi na muhogo havikuwapo bado. Vilitoka Amerika baadaye.

Mwaona basi? Tangu zamani kisiwa hiki kilitegemea bara kwa nafaka, lakini vya uani kilikuwa navyo. Kwa hiyo tusiote shamba la mahindi hapa. Tupange mboga ya sufuria ya jioni.

Tatizo letu kubwa ni mwamba wa matumbawe. Hapo tujifunze kwa jirani zetu wa Bamburi. Mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki jiwe jeupe na maji ya chumvi. Alijaribu aina 26 za miti, zikadumu 3 tu. Mvinje ndio uliofanya kazi kubwa. Majani yake yalipoanguka hayakuoza, wakaletwa jongoo, wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo pale ni msitu, ndiyo Haller Park. Kumbe udongo hutengenezwa! Na sisi kila siku twatupa maganda ya ndizi, majani ya mboga na majani ya chai.

Sasa tupange, hatua kwa hatua.

(a) Jua. Tazama ua wako asubuhi, adhuhuri na alasiri. Mboga nyingi zataka jua la saa sita hivi kwa siku.

(b) Udongo. Chukua gunia ambalo halikubeba dawa. Changanya udongo, samadi iliyooza na mboji ya maganda. Ongeza makumbi ya nazi yaliyolowekwa kwanza ili chumvi itoke. Hayo hushika maji. Katikati simamisha nguzo ya kokoto ili maji yafike chini, kisha toboa ubavuni na upande miche. Udongo wa karibu na gereji, wenye mafuta machafu, usiutumie kabisa.

(c) Maji. Maji ya kuoshea mchele na mboga yasimwagwe. Maji ya kisima yenye chumvi huunguza miche, na maji ya mtaro yana magonjwa. Mwagilia asubuhi mapema ama jioni. Wakati wa kaskazi, jua likiwaka sana, weka kivuli cha makuti.

(d) Mbegu. Anza na mchicha, maana wiki ya nne waweza kuchuma. Kisha kunde, bamia na sukuma wiki. Usipande vyote siku moja. Panda kidogo kila baada ya wiki mbili, ili usile sana leo na kesho ukose.

(e) Mwenye nyumba. Zungumza naye kabla, si baada. Tumeona mpangaji akitunza mpapai, kisha akahama kabla haujazaa. Gunia, ukihama, wahama nalo.

Hatusemi kwamba gunia moja litamaliza njaa. Unga na mafuta bado tutanunua. Lakini pesa ya mboga ya siku mbili tatu kwa wiki ikibaki mfukoni, ni daftari la mtoto, ama nauli ya kwenda hospitali.

Ombi letu ni dogo. Kila nyumba iwe na gunia moja tayari kabla ya masika kuanza, na mwenye miche mingi ampe jirani. Tutakapopita tena hatutauliza umevuna nini. Tutauliza: maganda ya leo umeyaweka wapi?