Vitu Vikuukuu na Mikono ya Watoto

Waheshimiwa Wazee na Wanachama wa Roret,

Tangu mtaala mpya ulipoanza katika shule za Kenya mwaka wa 2019, wazazi wengi wamenung'unika kwamba watoto hutumwa kuleta vifaa vya sanaa. Manung'uniko hayo twayasikia, lakini si lazima kununua. Kibuyu kilichopasuka, mkebe wa majani ya chai, vifuniko vya chupa na matambara vyatosha kuunda magari, ngoma na wanasesere. Twaomba kila nyumba iviweke kando, ivisafishe, na kukunja makali ya mabati. Nanyi Wazee, njoni mtufundishie watoto kufinyanga ng'ombe wa udongo. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa ukosefu wa shilingi, ilhali ujuzi tunao wenyewe.