Sola Juu ya Mabati, Risasi Chini ya Kitanda

(Haya ni maneno ya mwanachama mmoja, fundi wa betri za mabehewa, aliyoyasema mbele ya mkutano wa wanachama wanaotoka Meru na Embu. Yamepigwa chapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Mimi si daktari. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na iliyobaki nimeipata kwa mikono. Lakini kila siku ya kazi nashika betri, na kuna jambo nimelijua kwa kuchelewa. Sitaki ninyi mchelewe kama mimi.

Reli haifiki Meru wala Embu. Mtu wa Embu hushuka Sagana, mtu wa Meru hushuka Nanyuki, kisha hutafuta motakaa. Stima nayo ilichelewa kufika vijijini kwetu. Kwa hiyo watu wetu walikuwa wa kwanza kutafuta mwangaza wa jua. Mwaka 1984 shule ya Karamugi, upande wa Meru, iliwekewa sola kwa kazi ya Harold Burris, fundi Mmarekani, na Mark Hankins, mwalimu wa kujitolea. Walimu na wakulima wa kahawa na chai waliona taa zinawaka bila mafuta ya taa, wakataka nao. Kutoka huko biashara ya sola ikaenea Kenya nzima.

Katika miaka ya 1990 sola nyingi ndogo zilizouzwa madukani zilikuwa za utando mwembamba. Nieleze maana yake. Sola ya kawaida hukatwa katika silikoni, vipande vyenye unene wa karibu sehemu 2 za 10 za milimita. Sola ya utando haikatwi. Silikoni hutandazwa juu ya kioo kama fundi anavyopaka rangi behewa, na unene wake haufiki hata sehemu 1 ya 1,000 ya milimita. Ndiyo maana bei yake ilikuwa nafuu. Lakini ina tabia moja: ikipigwa na jua miezi ya kwanza, nguvu yake hupungua. Wataalamu wawili, Staebler na Wronski, waliligundua jambo hilo Marekani mwaka 1977. Basi mnunuzi akiipima siku ya kwanza dukani hudanganyika.

Siku hizi wataalamu wanatafuta tando nyingine. Moja hutengenezwa kwa kadimiamu, na nyingine, iitwayo perovskaiti, ina risasi ndani yake. Msidhani nasema risasi ya bunduki. Nasema madini yenyewe, yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu. Watu wengine wakisikia hivyo huogopa kioo kilicho juu ya nyumba. Ni haki kuuliza, na wataalamu wenyewe wanauliza, wengine wanajaribu kuweka stani mahali pa risasi. Lakini tufanye hesabu. Utando huo ni mwembamba mno, hata mita moja ya mraba haina risasi zaidi ya gramu moja hivi, nayo imefungwa kati ya vioo. Sasa tazama betri ya kawaida iliyo chini ya kitanda. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Betri ya kilo 14 ina kilo 7 au zaidi, yaani gramu 7,000. Tunaogopa gramu moja juu ya mabati, na tunalala juu ya gramu elfu saba!

Betri nzima iliyofungwa haimdhuru mtu kwa risasi yake. Hatari ni inapokufa. Kijana huipasua kwa shoka, asidi humwagwa shambani, sahani za ndani huyeyushwa kwa moto wa makaa. Moshi huingia kifuani, na vumbi la kijivu hukaa uani ambapo kuku hudonoa na watoto hucheza.

Risasi haina kazi yo yote mwilini. Shirika la Afya la Ulimwengu limesema kwamba hakuna kipimo chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Ikiingia mwilini huhifadhiwa katika mifupa na meno kwa miaka mingi. Mama mwenye mimba humpitishia mtoto aliye tumboni. Mtoto mdogo akimeza vumbi lile, mwili wake huchukua risasi mara 4 au 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Nayo huharibu akili inayokua. Mtoto haanguki, wala hatapiki siku hiyo. Anakuwa mzito wa kusoma tu, na sisi tunamchapa tukisema ni mvivu.

Ndugu zangu, betri za bara zikiisha hukusanywa na wanunuzi wa vyuma chakavu, na husafiri mbali. Mjini Mombasa kuna kijiji kiitwacho Owino Uhuru, cha watu karibu 3,000. Hapo kando kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Bibi Phyllis Omido alifanya kazi humo mwaka 2009. Mtoto wake akaugua, wakatafuta malaria na homa nyingine, kumbe ni risasi. Aliacha kazi, akawakusanya majirani. Alitiwa mbaroni, lakini hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwezi wa Julai 2020 mahakama iliamuru wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaliondoa agizo la malipo hayo. Wenyeji wakaenda mbele, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia ile. Tangu kufungwa kwa kiwanda mpaka hukumu hiyo ni miaka 10. Mtoto aliyekuwa na miaka 3 alikuwa na 13. Fedha ni haki yake, lakini haziwezi kumrudishia miaka ile.

Msiseme hayo ni mambo ya pwani. Huenda betri iliyoyeyushwa pale ilitoka Runyenjes au Nkubu. Na mimi nisiwaseme wengine tu. Kwa miaka minne nilirudi nyumbani na ovaroli ya kazi. Mtoto wangu wa pili alinikimbilia mlangoni, nami nilimbeba hivyo hivyo. Mke wangu alifua ovaroli pamoja na nguo za watoto katika karai moja. Nilikula mkate kazini bila kunawa. Hakuna aliyeniambia, wala mimi sikuuliza. Siku nilipoelewa nilikaa kimya jioni nzima, nikimtazama yule mtoto akiandika hesabu zake. Hapo ndipo nilipoazimia kusema mbele yenu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, betri iliyokufa isipasuliwe nyumbani. Iuzwe ikiwa nzima pamoja na asidi yake, kwa mnunuzi mwenye leseni. Kama mtu anataka kuongeza shilingi 200 kwa wewe kumwaga asidi, mkatalie.

Pili, betri isikae chumba cha kulala watoto. Iwekwe juu, mahali penye hewa.

Tatu, afanyaye kazi ya betri au ya kuchoma vyuma anawe mikono na uso kabla ya kula, na ovaroli ibaki kazini. Ikifuliwa nyumbani, ifuliwe peke yake.

Nne, anayenunua sola mpya aulize ni betri ya namna gani. Taa nyingi ndogo za siku hizi zina betri ya lithiamu, isiyo na risasi. Hiyo nayo isitupwe motoni, maana hulipuka.

Tano ni letu sisi kama chama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi na ampe nguo za kujikinga. Naomba mkutano huu uwatume viongozi wetu wadai mambo matatu: mahali pa kunawia kwa sabuni, makabati mawili kwa kila fundi, moja la nguo za kazi na moja la nguo za nyumbani, na kupimwa damu kila mwaka kwa wote washikao betri. Majibu apewe mfanyakazi mwenyewe mkononi.

Tumezoea kudai mshahara, na tutaendelea. Lakini mshahara ni wa mwezi mmoja, na risasi iliyoingia katika mfupa wa mtoto ni ya miaka mingi. Heri kinga kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu tiba yenyewe haitoshi.

Bwana Mwenyekiti, naliweka neno hili mbele ya mkutano. Anayeniunga mkono na asimame.