TUULIZE HESABU IPI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Isiolo)



Mimi ni mtu wa reli, lakini leo nasema habari ya kampuni za redio na televisheni. Zikikopa, mkataba mara nyingi hueleza fedha zao hivi: chukua faida, ongeza tena riba, kodi na uchakavu wa mitambo uliokwisha kutolewa, kisha toa fedha taslimu zilizolipwa kwa vipindi vilivyonunuliwa. Tangazo lililolipwa kwa bidhaa halimo.

Kwa nini uchakavu urudishwe? Behewa huchakaa kila siku, lakini uchakavu huo hautoi shilingi sandukuni leo. Basi kampuni moja yaweza kuandika hasara vitabuni, na huku mkopeshaji akaonyeshwa kwamba fedha zipo.

Siku ya kudai mshahara, sisi tutaonyeshwa kitabu kipi? Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, yamtaka mwajiri akipe chama habari zote zinazohusu mazungumzo. Basi tuulize: hesabu hii imetoa nini, imerudisha nini? Ndipo tutie sahihi.

Na tukumbuke, siku moja behewa jipya lazima linunuliwe. Tudai kilicho haki.