Maji ya Kilometa ya 35

Maneno ya kundi la wakimbiaji wa chama mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Butembo. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tumeondoa tu vicheko.

Bamama, bababa, vijana, wazee mlioshuka kwa moto toka Beni leo asubuhi na vumbi bado liko ku nguo, na nyinyi marafiki mnaotusaidia ambao mtasoma maneno haya mkiwa mbali. Komite imetupa dakika ishirini. Tutajaribu. Mnatujua, sisi ni watu wa mwendo wa polepole.

Tuko watano. Mama mmoja mshonaji, walimu wawili, motari mmoja, na mmoja anayenunua na kuuza kakao. Hakuna kati yetu aliyeshinda kitu. Hakuna anayelipwa. Tulianza mbio tukiwa ukimbizini Kampala, juu ya jirani mmoja Mganda aliyekuwa akipita mlangoni kwetu kila asubuhi na kutuuliza kwa nini tunakaa tu. Tulikuwa na jibu refu la kumpa, lakini ilikuwa rahisi zaidi kuvaa viatu.

Kiswahili chetu hapa hakitusaidii. Mfaransa ana neno moja la kutoroka na lingine la kushindana. Kwetu neno moja, kukimbia, linabeba yote mawili. Aliyetoka Oicha usiku na watoto amekimbia. Eliud Kipchoge alipomaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna mwaka 2019, naye amekimbia. Siku tulipokwenda kujiandikisha Kampala, kijana wa kwenye meza alimuuliza mama wetu mshonaji: umewahi kukimbia umbali huu? Akajibu: ndiyo, na mtoto mgongoni. Kijana alicheka. Mama hakucheka.

Hesabu yake ni ya kweli. Marathoni ni kilometa 42 na mita 195. Toka Beni mpaka Butembo ni kilometa 54 hivi. Mtu aliyeshuka hiyo barabara kwa miguu, na wako wengi katika chumba hiki, alipita marathoni akaongeza kilometa kumi na mbili. Kama alitoka Oicha, ongeza 30 nyingine: hizo ni marathoni mbili kasoro kidogo. Kwa hiyo mkisikia watu wanasema mbio ni mambo ya Wakenya, muwatazame tu.

Sasa tuwaelezee namna inavyokuwa, maana wengi mmetuuliza.

Mbio za Kampala zinakimbiwa kila Novemba, tangu mwaka 2004. Zinaanzia Kololo, uwanja uleule ambapo bendera ya Uganda ilipandishwa usiku wa uhuru mwaka 1962. Unafika kungali giza. Maelfu ya watu wamevaa fulana za njano, wengine wamekuja kwa kilometa tano tu na simu mkononi kupiga picha, na hao wana furaha kutupita sisi wote. Foleni ya choo ni ndefu kuliko foleni yoyote tuliyosimama kambini, na tumesimama nyingi. Kisha Kampala inakuonyesha milima yake. Sisi watu wa Butembo tulikuwa tunajidai, kwetu pia ni kupanda na kushuka, lakini kupanda kwenda sokoni na kupanda ukiwa na kilometa ishirini mguuni si jambo moja. Watu wamesimama milangoni kwao wanakuita: Gyebale ko! Ni neno la kumpongeza mtu aliye kazini. Hawakujui, hawaulizi karatasi zako, wanakupongeza.

Nairobi ni kubwa zaidi na kavu zaidi. Mwaka 2018 tulikimbia kule mwezi wa Oktoba, barabara ya Uhuru Highway karibu na uwanja wa Nyayo, lami tupu bila gari hata moja, jambo ambalo wenyeji wenyewe walikuwa wanalishangaa. Nairobi iko juu kama Butembo, karibu mita 1,700, basi pumzi haikutusumbua. Kilichotusumbua ni hesabu. Mshindi alikuwa amekwisha kufika na kuoga wakati sisi tuko kilometa ya 16. Tuliendelea. Tulimaliza kwa saa tano na dakika arobaini na kitu. Hiyo kitu tunaiacha.

Tulichopenda si medali. Ni kwamba umbali unajulikana. Ulipokimbia toka kijijini hukujua kama unakwenda kilometa tano ao mia moja, usiku mmoja ao miaka sita. Huku kuna kibao kila kilometa. Kuna namba kifuani, na mtu fulani anajua kwamba namba hiyo haijafika bado. Kuna meza za maji, ndizi zilizokatwa, mtu wa Msalaba Mwekundu na mafuta ya kuchua. Mmoja wetu, yule motari, alilia kilometa ya 37. Si maumivu. Alisema baadaye: mimi nilikimbia mara mbili katika maisha, na hii ya pili watu walikuwa wananingojea mbele.

Lakini tumeitwa hapa kusema kuhusu kasha la chama, si kuhusu machozi ya motari. Tunakwenda huko.

Mwili una akiba. Sukari iliyo ndani ya nyama za miguu na katika ini inaweza kukufikisha kilometa thelathini hivi. Baada ya hapo ni sawa na moto iliyoingia ku rezervu, injini inakohoa, unaanza kuchoma mafuta ya mwili na hayo yanawaka polepole. Miguu inakuwa ya mtu mwingine. Mkimbiaji yeyote atawaambia: nusu ya marathoni si kilometa ya 21. Nusu yake ni ya 30. Kumi na mbili zinazobaki zina uzito sawa na thelathini za kwanza.

Na hapo ndipo maji yanakwisha. Katika mbio moja, jiji hatulitaji kwa sababu waandaaji hawako hapa kujitetea, tulifika kwenye meza ya kilometa ya 35 tukiwa nyuma kabisa. Meza ilikuwa imekunjwa. Vikombe viko chini vimekanyagwa. Vijana waliokuwa wanatoa maji wamepanda gari, polisi wamefungua barabara na magari yanatupigia honi. Kwa wa kwanza, ambao walipita hapo wakiwa bado na nguvu, maji yalikuwa yanamwagwa kichwani. Kwa sisi tuliokuwa na kiu kweli, hakuna. Nyuma yetu kulikuwa na basi linalokusanya waliochoka, na dereva anatuambia kwa upole: pandeni tu. Mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma pembeni ya barabara aliona. Alichukua kikombe chake mwenyewe, akachota ku bidoni yake ya njano, akatupa mmoja mmoja. Tukamaliza. Maji hayo tunayajua ladha mpaka leo.

Wapendwa wanachama, jiulizeni sasa: mtu anaporudi Beni ao Mbau ao huku kwetu, meza ya maji iko wapi?

Iko kilometa ya kwanza. Siku ya kurudi kuna watu. Kuna bashi, sabuni, maharagi, masufuria mawili, picha, hotuba ya mkubwa fulani. Chama chetu pia kinafanya hivyo na kinafanya vizuri, hatuna lawama. Kanuni yetu inasema familia inasaidiwa kwa miezi mitatu tangu siku ya kurudi, kisha jina linatoka ku daftari. Ilionekana inatosha: maharagi yanakomaa kwa miezi mitatu hivi.

Lakini nani anarudi siku ileile ya kupanda? Familia inarudi siku ambayo bunduki zimenyamaza, si siku ambayo mvua imeanza. Anakuta shamba limekuwa pori. Mwezi wa kwanza anafyeka. Nyumba haina mlango wala mabati. Kakao iliyokuwa imeiva imevunwa na wasiojulikana, na kakao mpya ukipanda leo itakupa kitu baada ya miaka mitatu ao minne. Muhogo unataka karibu mwaka. Mbegu ya maharagi aliyopewa, mwezi wa pili watoto wameila, na nani atamlaumu? Mwezi wa nne akiba imekwisha, mavuno hayajafika, jina limetoka ku daftari, wageni wamekwisha kuondoka. Hiyo ndiyo kilometa ya 30. Tumezunguka kwa familia zilizorudi kisha zikaondoka tena kuja kupanga chumba hapa mjini. Karibu wote walituambia kwamba hawakushindwa siku za mwanzo. Walishindwa baadaye, kimyakimya, wakati kila mtu anafikiri wamekwisha kufika.

Kwa hiyo pendekezo letu ni hili, na komite italipeleka kwenye kura leo. Robo moja ya kila feza inayoingia katika kasha, michango yetu na ya marafiki, isiguswe kabla ya mwezi wa nne. Iwe ya miezi ya nne mpaka ya tisa tu. Mbegu ya pili, kwa waliokula ya kwanza. Chumvi, sabuni, feza ya shule, dawa. Na jina lisitoke ku daftari mpaka mavuno ya kwanza yaingie nyumbani, hata kama ni mwezi wa kumi.

Tunajua mtatujibu nini, maana tulisemezana usiku kucha na mhasibu. Mkichukua robo, siku za kwanza zitapungukiwa. Ni kweli. Bashi zitakuwa chache. Tutawapa wawili wawili wenye jirani waliokwisha kujenga, na wengine watanung'unika. Sisi watano tunachagua manung'uniko ya mwezi wa kwanza. Ya mwezi wa sita hamyasikii, kwa sababu mwenye nayo hana tena nguvu ya kuja mkutanoni.

Kwenu marafiki mnaotoa: hatuombi muongeze. Tunaomba mgawe. Kama mlikuwa mtume mara moja, tumeni mara mbili, na ya pili ije wakati hakuna habari yoyote ya Beni ku redio.

Kuna mzee ameuliza mlangoni: watu wanakula mara moja kwa siku, na nyinyi mnakimbia mtoe jasho la bure? Swali ni la haki. Mzee, London wanakimbia tangu mwaka 1981, na sehemu kubwa ya watu wanakimbia kwa ajili ya kasha la kusaidia wagonjwa, maskini, watoto. Nairobi, mbio zile zilikuwa zinachangia matibabu ya macho. Jasho si la bure kama limeandikwa ku daftari. Na kwetu Kivu ya Kaskazini tuna mfano. Makorobondo Salukombo alikimbia vita na jamaa yake, wakapita Uganda, wakafika Ohio, Marekani. Mwaka 2016 alikimbia marathoni ya Olimpiki kule Rio kwa rangi za Congo. Katika mbio hiyohiyo alikuwamo Yonas Kinde, Mwethiopia wa ile timu ya kwanza ya wakimbizi, watu kumi, ambayo ndani yake judo ilikuwa na Wakongomani wawili, Popole Misenga na Yolande Mabika. Salukombo hakungoja Rio ndipo akumbuke nyumbani. Alirudi kwao kufundisha vijana, na mmoja wao, Beatrice Kamuchanga, alikimbia mita 5,000 kule Rio vilevile.

Tumalizie na Beni, juu ya wale wawili wa huko wameomba. Beni, mtu akikimbia alfajiri, hakuna anayeuliza ni mbio gani. Mama anashika mtoto, butike inafungwa, mtaa mzima unaelekea upande aliotazama yeye. Tangu Oktoba 2014 mji ule umefundishwa hivyo. Kwa sababu hiyo, wenzetu wanakimbia jua likiwa limetoka, saa moja kamili, kwenye bulvari Nyamwisi fasi watu wote wanaona, wamevaa fulana za rangi moja, baada ya kumjulisha shefu wa kartie na wakubwa wa usalama. Na wanasalimia kila mlango. Inapunguza mwendo sana. Sasa kuna watoto wanaowafuata mpaka kona ya pili, na mama mmoja muuza mandazi anawauliza kila mara wameacha wapi yule mnene.

Siku ya Mungu inayofuata mwisho wa mwezi, baada ya misa na ibada, tutakimbia kilometa kumi hapa Butembo, kupitia komini zote nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Kila mkimbiaji alete ahadi ya feza kwa kila kilometa, hata franka mia moja, na hiyo yote iingie katika robo ya mwezi wa nne, kama mtapiga kura ndiyo. Kutembea ni ruhusa. Chukudu hapana, kijana wa Vulamba, tulikuona mwaka jana.

Tunatafuta watu wanane wa kusimama na bidoni ya maji kilometa ya nane, kwenye kile kipando. Wasiokubali kubaki mpaka wa mwisho apite wasijiandikishe. Majina yapewe mwandishi kabla ya siku ya posho.