Machinjio, LMD na Haki ya Kibarua

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Isiolo

Ndugu wanachama, na ninyi wafanya kazi ambao hamjajiunga bado,

Leo tuna jambo moja la kuwaambia. Serikali zikishirikiana kufufua mahali pa kazi palipokufa, mfanya kazi atapata nini, na ataandikwa wapi?

Wazee waliopo hapa wanaijua historia ya mji huu. Tangu zamani za wakoloni, ng'ombe kutoka Moyale, Marsabit, Wajir na Mandera walisukumwa kwa miguu mpaka Isiolo. Hapa waliwekwa karantini, wakapimwa homa ya mapafu na kuchanjwa, ndipo wakaruhusiwa kwenda Nanyuki penye reli. Baada ya Uhuru kazi hiyo ikashikwa na idara ya Serikali ya kuuza mifugo, na eneo hilo watu waliita LMD, na wanaliita hivyo mpaka leo. Palikuwa na kazi ya kuchunga, kazi ya josho, ya pampu ya maji, ya kuandika hesabu na ya kulinda usiku. Kisha biashara ikahamia kwenye malori, idara ikalegea, na kazi zikaisha pole pole. Ardhi ikabaki, na wanaoidai ni wengi.

Halafu likaja jengo la machinjio. Lilianza kabla ya serikali ya kaunti kuzaliwa mwaka 2013, na kwa miaka mingi lilisimama bila kuchinja hata mbuzi mmoja. Vijana wetu walipita hapo wakitazama kuta.

Kwa nini mambo haya huchelewa? Machinjio si kuta tu. Yanataka maji mengi kila siku, umeme usiokatika, chumba cha baridi, mkaguzi wa nyama, na mahali pa kutupa damu na uchafu. Zaidi ya yote yanataka wanyama kila siku, mwaka mzima. Isiolo peke yake haiwezi kuwatoa. Ukame ulioanza mwaka 2020 ulitufundisha hivyo kwa uchungu. Na kila kaunti ikitaka machinjio yake yenyewe, yote yatakaa na njaa.

Kwa hiyo ushirikiano wa serikali twauunga mkono. Katiba ya 2010, kifungu cha 189, inaziruhusu serikali za kaunti na Serikali Kuu kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Kaunti za huku zina baraza lao, FCDC, na ndani yake wamo Isiolo, Marsabit, Wajir, Mandera, Garissa, Tana River na Lamu. Tangu mwaka 2012 mpango wa LAPSSET umeitaja Isiolo kuwa njia panda ya nchi, na barabara ya lami imefika Moyale. Njia ipo. Linalotutia shaka ni mkataba.

Tutazame wenzetu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009. Kilijaribiwa kufunguliwa, kikafa tena, na mwaka 2016 kikauzwa. Wafanya kazi wa zamani walikuwa bado wanadai haki zao. Kiwanda cha nguo cha Rivatex, Eldoret, kilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, kikapata mitambo mipya kwa mkopo wa India, na kikafunguliwa upya mwaka 2019. Hiyo ni miaka 12, lakini kilifunguka. Na Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1950, iliwekwa chini ya Wizara ya Ulinzi mwaka 2020. Mapema mwaka 2021 Mahakama Kuu iliona kwamba wananchi hawakushauriwa ipasavyo.

Twajifunza nini? Kwamba mtambo hununuliwa na jengo hupakwa rangi, lakini haki isiyoandikwa mwanzoni haipatikani mwishoni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwenye fedha na aje, tumkaribishe. Lakini tuulize mapema kama mwenyeji atapona kweli.

Haya ndiyo tunayotaka yaandikwe katika mkataba wo wote, kabla ya kutiwa sahihi:

1. Kazi za mikono wapewe kwanza watu wa hapa, na wafundishwe kuchinja, kuchuna ngozi na kutunza mashine za baridi.

2. Kibarua asifanywe kibarua milele. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima ahesabiwe kuwa wa mshahara wa mwezi. Kisu ni kile kile, damu ni ile ile. Kwa nini mshahara uwe wa siku?

3. Viatu vya mpira, glavu, aproni na matibabu ni juu ya mwajiri.

4. Ukame ukija na wanyama wakapungua, chama kiitwe mezani kabla mtu hajaachishwa.

5. Mfugaji asifungiwe malisho na maji ya LMD bila kuulizwa. Mfugaji huyo ni baba yetu, na ng'ombe wake ndiye kazi yetu.

Na sisi wenyewe tuna kosa. Kazi ikitangazwa hapa, kila mmoja hukimbilia kabila lake: Mborana kwake, Msomali kwake, Mmeru kwake, Mturkana na Msamburu vivyo hivyo. Mwajiri hutuona, akacheka, akapunguza mshahara. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanya kazi haki ya kujiunga na chama. Hakikuuliza lugha ya mama yake.

Basi kabla ya kuondoka hapa, chagueni watu watano wa kamati, wa kila upande. Waende ofisi ya kaunti wakaombe kuuona mkataba wo wote unaohusu machinjio na ardhi ya LMD. Wakiitwa mkutano wa wananchi, tufike wote, mapema, na madai yetu yakiwa yameandikwa. Mwenye kadi ya zamani ya kazi ya LMD, yake au ya baba yake, ailete kwa karani wa tawi. Tunataka majina hayo yawe juu ya meza siku ile kalamu itakaposhikwa.

Umoja ni nguvu.