Nani Anapika? Kipimo cha Mkutano wa Hadhara wa Watu Wenye Ulemavu



Kuna kauli inayorudiwa kwenye midahalo yetu mpaka imegeuka kanuni: mkutano wa hadhara umefaulu ukijaza uwanja na kutokea kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Watu wangapi, kamera ngapi. Nimeisikia kwa wafadhili na kwa wanahabari, na huniuma zaidi ikitoka kwa viongozi wa vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe. Leo nimekuja kuipinga, na ushahidi wangu unatoka Marekani.

Usuli mnaujua. Kifungu cha 504 cha Sheria ya Utengamao ya mwaka 1973 kilikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Kanuni za utekelezaji zikakaa miaka bila saini. Tarehe 5 Aprili 1977 waandamanaji walikwenda kwenye ofisi za wizara iliyopaswa kuzitia saini, katika miji kadhaa.

Sasa kitazameni kipimo cha idadi na kamera. Washington ndiko alikokuwa waziri, Joseph Califano, na ndiko kwenye vyombo vikubwa vya habari. Waliokalia ofisi huko walinyimwa chakula, na baada ya takriban saa 28 wakatoka. San Francisco walibaki watu wapatao 150, ambao hawajazi hata ukumbi huu. Wakakaa zaidi ya wiki tatu, na tarehe 28 Aprili Califano akatia saini. Mtaniambia kamera zilifika San Francisco pia. Zilifika, kwa kuwa kulikuwa na watu waliobaki wa kupigwa picha. Mtaniambia tena kwamba meya wa mji, George Moscone, aliwaunga mkono. Ni kweli, na nampa haki yake. Lakini meya hakuwa akiwapikia kila siku.

Hapa namgeukia Kitty Cone, mmoja wa waratibu, ambaye aliandika historia fupi ya tukio lile. Kila mwaka nawasomesha wanafunzi wangu maandishi hayo, na kila mwaka nayaona mapya. Cone alikuwa mwanaharakati mzoefu aliyetumia kiti mwendo, na jicho lake liko kwenye mambo ambayo wanahistoria huyaruka. Anaeleza jinsi walivyoyaendea makanisa, vyama vya wafanyakazi na vikundi vya haki za raia kabla ya siku yenyewe. Anaeleza kamati zilizogawana kazi, na sanduku lililobandikwa kwenye kiyoyozi likawa jokofu la dawa. Simu zilipokatwa, viziwi walipeleka ujumbe kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Kwangu ukurasa huo mmoja unazidi vitabu vingi vya nadharia ya harakati.

Niliwahi kuhudhuria maadhimisho ya tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, katika mji mmoja wa nchi yetu. Uwanja ulijaa, fulana zilipendeza, hotuba zilikuwa ndefu. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja kwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Nikampa chupa ya maji, akaishukuru na kuiweka mapajani bila kuifungua. "Mwanangu, choo chao kina ngazi," akaniambia. Alikuwa hajanywa kitu tangu alfajiri. Kabla ya adhuhuri akaomba asukumwe kwenda kituoni, na hotuba zikaendelea. Kwenye ripoti ya waandaaji, bila shaka alihesabiwa.

Rudini sasa San Francisco: huko chakula cha moto kilivushwa kila siku kutoka Oakland na chama cha Black Panther. Mwanachama wao Brad Lomax, aliyekuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, alikuwa ndani ya jengo pamoja na msaidizi wake Chuck Jackson, ambaye aliwahudumia na wengine. Uhusiano huo haukuzaliwa Aprili. Lomax alikuwa ameshamwendea Ed Roberts, wa kituo cha kujitegemea cha Berkeley, wakashirikiana kufungua tawi Oakland Mashariki. Sufuria zilipohitajika, wapishi walikuwa wanajua wanampikia nani.

Nimepima hoja za sheria, za uchaguzi wa Rais Carter, za bahati ya mji wenyewe, na kila moja ina uzito wake. Bado nashikilia kwamba kamati ya chakula na choo iundwe kabla ya kamati ya habari, na ikae na watu wenye ulemavu wenyewe mezani. Waandaaji wa Desemba ijayo wanao muda wa kubisha hodi misikitini, makanisani na kwa mama lishe wa jirani na uwanja.